Kikapu Hakirudi Kitupu

Mwalimu alinijia asubuhi ya Jumamosi, nami nilikuwa nimeamka na hasira kwa sababu ya uzi. Uzi mwembamba ulikuwa umeadimika Amu tangu mashifta wenye bunduki waanze kuvuruga njia za bara, na huo kidogo uliopatikana ulikatika kila nilipouvuta. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu nashona kofia ya bwana harusi mmoja aliyekwisha pita mara tatu kuuliza imefikia wapi, utadhani kofia ni mkate wa kutia jikoni na kutoa. Basi nilipoinua macho nikaona kijana mgeni, kaptura ya kaki na soksi ndefu, amesimama anaitazama kazi yangu bila neno, nilimwambia kwamba katika mji huu hata paka husalimu kabla ya kuomba.

Akasema habari za asubuhi, mzee. Nikamwambia mzee ni baba yake, mimi ni Bwana fundi. Nilikuwa na miaka hamsini na minne na bado najidanganya.

Alicheka, akaketi. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli, na wala simlaumu kwa lolote mpaka leo. Alinieleza kwamba kwao ni bara, kule juu kwenye baridi, na serikali ya uhuru imempeleka kisiwani Pate, kijiji cha Mbwajumali, kufundisha watoto hesabu. Krismasi atakwenda kwao, na anataka baba yake amwone amevaa kofia ya vito kama watu wa pwani. Alipolitaja jina la Mbwajumali sindano ilinichoma kidole. Jina hilo hunichoma hata likitajwa na mchuuzi wa mahindi, kwa hiyo sikushangaa, nilinyonya damu isije ikadondokea kitambaa.

Kwa asiyejua, kofia ya vito ni kitambaa cheupe kilichotobolewa matundu madogo kwa mamia, kila tundu likazungushiwa uzi kwa sindano mpaka likasimama kama jicho. Kofia moja ya maana hula miezi minne. Nikamwuliza anataka mtindo gani. Akafungua mkoba, akatoa gazeti lililokunjwa, na ndani ya gazeti mlikuwa na kofia.

"Kama hii," akasema. "Mama mwenye nyumba wangu ameniazima nije nayo. Amesema fundi wa Amu ataijua."

Niliijua kabla haijatoka yote kwenye gazeti. Mtu huijua kazi yake. Lakini nilitaka kuhakikisha, nikaipokea, nikaigeuza, nikapitisha kidole nyuma, pale panapokaa kwenye kisogo. Lilikuwapo. Tundu moja lisilotobolewa, limezibwa kwa uzi, katikati ya mamia yaliyo wazi. Katika maisha yangu nimeziba tundu hilo kwenye kofia za mtu mmoja tu.

Nikamwuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, mwenye kofia hajambo?

"Ni ya marehemu mume wake," mwalimu akasema. "Alifariki mwaka juzi, kabla sijafika. Ni nzuri, sivyo?"

Akalisema vile vile alivyosema habari za asubuhi. Na mimi nikafanya nini? Nikachukua kamba yangu ya kupimia, nikamwambia ainamishe kichwa, nikampima. Wallahi nilimpima. Nikafunga fundo pale kamba ilipokutana, nikamwambia ana kichwa kikubwa, kofia yake itakula kitambaa zaidi. Akacheka tena. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi peke yake na mimi niko mahali pengine, sijui wapi, natazama mzee mmoja barazani anapima kichwa cha mwalimu. Akaniuliza arudi lini. Nikamwambia aje kabla ya kurudi Mbwajumali. Akasema atavuka Jumatatu asubuhi. Akaondoka, ameiacha kofia pajani pangu.

Nilimpenda mtu yule, mwenye kofia. Naliandika neno hili mara moja, waziwazi, ili msomaji asijisumbue kulitafuta. Siku hizo sikuwa na jina la kuliita jambo lenyewe, na majina niliyoyasikia mitaani yalikuwa matusi, kwa hiyo niliishi nalo bila jina. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu alipokuja Amu na mizigo ya tumbaku ya baba yake, akafikia kwetu, kwa kuwa baba zetu walijuana. Alikuja kulala usiku mmoja, akakaa miaka tisa. Alipata kazi ya kupakia boriti za mikoko, akawa analala chumba cha juu pamoja nami, na mamangu, Mungu amrehemu, akamwita mwanangu wa pili. Ijumaa baada ya sala tulikwenda Shela kwa miguu, tukabishana njia nzima. Alikuwa mbishi. Angeweza kukubishia jua limetoka upande gani. Nilikuwa na furaha, na nilijua nina furaha.

Kofia ya kwanza nilimshonea mwaka ule ule. Alipoivaa akaniletea malalamiko, kwamba fundi gani huyu, tundu moja amelisahau nyuma. Nikamwambia sikulisahau, hilo ni langu, hayo mengine yote ni yako na ya watu wanaokutazama. Kwa mara ya kwanza hakubisha.

Kisha mama yake akazeeka, akatuma watu mara mbili, mara tatu, kwamba mwanawe arudi aoe kabla hajafa. Hakuna mtu aliyetufumania wala kutufukuza. Aliitwa na mama yake, akaenda, nami ningefanya vilevile. Mimi mwenyewe nilioa baadaye ili mamangu atulie, nikakaa na yule bibi mwaka na nusu, nikamwacha kwa wema, akaolewa pahali panapomfaa. Siku yake ya kuondoka Amu, mwenzangu alikaa juu kitandani, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Tusiulizane kwa watu. Ukiniuliza watajua, na mimi nikikuuliza watajua. Wewe nishonee kofia kila mwaka, uitie kikapuni. Ukitaka kujua kama ni mzima, tazama kikapu."

Ikawa hivyo. Kila Shaaban, kabla ya mfungo, nilitia kofia mpya ndani ya kikapu cha ukindu chenye kifuniko, nikampa nahodha wa mashua ya mizigo, na nahodha akakifikisha Mbwajumali bila kuuliza. Katikati ya mwaka kikapu kilirudi. Na hakikurudi kitupu, kwa sababu hilo kwetu haliwezekani. Jirani akikuletea sahani ya futari huirudishi sahani tupu. Utatia tende, utatia sukari, ukikosa kabisa utatia hata chumvi, maana chombo kitupu ni tusi. Yeye alitia tumbaku yake mwenyewe, imefungwa kwa mafundo ya mkono wa kushoto ambayo mimi tu niliweza kuyafungua bila kisu. Nazi, ufuta, mwaka mmoja asali. Mimi nilikuwa nafungua kifuniko, nanusa, nasema Alhamdulillahi, mzima.

Miaka ya mwanzo alikuja Amu kwa Maulidi, na mkewe na binti zake wawili wadogo. Tulisalimiana kwa kichwa kutoka mbali. Mara ya mwisho nilimwona akiwa upande wa pili wa uwanja, watu wamejaa kati yetu, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Akaniona. Akapeleka mkono kwenye kisogo, akagusa kofia, basi. Hiyo ilinitosha miaka kumi. Watu watasema upweke gani huo wa kujitakia. Sikujitakia. Mamangu alikufa, nyumba ikawa kubwa, nikawa naongea na cherehani. Ramadhani nilifuturu peke yangu na sahani sita za majirani mbele yangu, kila moja tamu, na sina wa kumwambia hii imezidi nazi. Lakini nilikuwa na kikapu.

Na mwaka juzi wake, yaani mwaka ule aliouzungumzia mwalimu, kikapu kilirudi kama kawaida. Ndani hamkuwa na tumbaku wala ufuta. Mlikuwa na kofia tu, ile ya mwisho niliyompelekea, imechakaa kidogo na imechafuka sana. Nilishangaa, halafu nikacheka. Nikasema mzee amekuwa mvivu, sasa ananiletea nikafue. Au ameona wanga wa mke wake haufai. Nikafurahi, hata nilijivuna: baada ya miaka yote hii kuna kazi ambayo hakumwachia mkewe. Nikaifua, nikaitia wanga, nikaikausha juu ya chungu ili ishike umbo, na ilipofika Shaaban nikazituma pamoja, hiyo na mpya. Mwaka uliofuata kikapu kilirudi na ufuta. Tumbaku hamna. Nikasema mgongo umemshinda, ameacha kulima. Nikatuma kofia nyingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu Jumamosi ile: kofia mbili mpya nimeshona, miezi minne kwa miezi minne, na kila tundu nimelizungushia uzi nikimfikiria, naye yumo kaburini.

Sikulia. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta sijui nilikuwa nataka nini. Kisha ikanijia hasira, na hasira ikanielekeza kwa jirani.

Jirani yangu wa mbele alikuwa bibi mtu mzima, tumekua pamoja, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na kichochoro ambacho punda akipita na mzigo inabidi ubanane na ukuta. Hakuna kifo kilichotokea kutoka Kiunga mpaka Kipini asichokijua. Nilibisha hodi, nikamkuta ukumbini anachagua mchele, nikamwuliza bila salamu, mimi niliyemfunza mwalimu adabu asubuhi hiyo hiyo. Nikamtaja. Nililitamka jina lake mbele ya mtu kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili, nikamwuliza kama alijua amekufa.

Mkono wake ulisimama katikati ya ungo.

"Kwani wewe hukujua?" akaniuliza.

Nikamwambia ningejuaje, nani aliniambia. Nikapaza sauti. Nikamwambia walisoma tanzia msikitini au hawakusoma? Akasema walisoma, siku ile mimi nilikuwa Mokowe nimekwenda kutafuta kitambaa, na niliporudi watu waliniona nimekaa barazani nashona, kimya, kama kawaida yangu, wakasema, maskini, amelimeza. Nahodha mwenyewe alijua. Muuza kahawa alijua. Imamu alijua. Nikamwuliza kwa nini basi hata mmoja hakuja kunipa mkono wa taazia. Akaweka ungo chini, akanitazama, na alikuwa ameanza kulia yeye.

"Tungekupa mkono wa nini, Bwana? Miaka yote tumekusitiri. Tumejifanya hatujui. Tungekuja kukupa mkono, ingekuwa kukuambia kwamba tunajua."

Nilikaa chini kwenye jamvi lake. Nilikuwa nimestushwa mara mbili siku moja, na sijui mpaka leo ipi ilikuwa nzito zaidi. Kumbe mji mzima ulijua. Mimi niliyetembea miaka ishirini na miwili nikichunga ulimi, nikichunga macho, nisiulize nani amekuja kutoka Pate, nilikuwa natembea uchi na watu wema wamegeuza nyuso wasinione. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, lakini mtungi wangu ulikuwa unavuja na kila mtu ameyaruka maji akapita. Sitara ile ilinilinda, nakiri. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenikataza msikiti. Na sitara hiyo hiyo ndiyo iliyoninyima maziko. Nilimwambia hivyo jirani, akasema samahani, nikamwambia hana kosa, nikarudi kwangu nikiwa nimemkasirikia vilevile.

Jumatatu nilivuka na mwalimu. Alidhani nakwenda kuchagua mtindo mwingine, akafurahi kupata mwenzi wa safari, akanisimulia habari za kwao njia nzima, ng'ombe, mvua ya mawe, dada yake anayetaka kuwa mtawa. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kusema sana. Tulishuka maji yamekupwa, tukakanyaga tope la mikoko mpaka magotini, nikafika kijijini kwake kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa na kanzu iliyokunjwa kiunoni na miguu kama ya mchimba chaza. Nilikuwa nimeifikiria safari ile mara nyingi. Katika kuifikiria nilikuwa msafi.

Nyumba ilikuwa ya mawe ya zamani upande mmoja na makuti upande mwingine. Binti yake mkubwa alinipa maji ya kunawa miguu, akanikalisha ukumbini, akaleta kahawa, na mama yake akaketi nyuma ya pazia la mlango wa chumba kama inavyopasa. Niliiona ncha ya leso yake chini ya pazia na vidole vya mguu mmoja, basi. Mwalimu alikwenda shuleni. Nilikuwa nimejitayarishia maneno marefu ya taazia, yote yakanipotea.

"Bi, nimekuja kukupa mkono," nikasema. "Nimechelewa."

Alizungumza Kiswahili cha kwao, nami nayaandika maneno yake kwa lugha ya wote. Akasema nimechelewa kweli, miaka miwili, lakini hakunihesabia ubaya. Alijiambia kila mtu ana njia yake ya kuomboleza. Fundi hakuja, lakini kila Shaaban kofia imekuja, akasema, na yeye akajua kwamba namshonea marehemu, wengine hutoa sadaka ya wali, huyu anatoa kofia. Akazitia kashani, hazijavaliwa. Na kikapu akakirudisha na ufuta, kwa kuwa hakirudi kitupu.

Nikamwambia kwamba sikuwa namshonea marehemu. Nilikuwa namshonea mtu mzima. Nikamwambia nimejua juzi Jumamosi, na aliyeniambia ni mpangaji wake.

Pazia lilitikisika. Nilidhani anatoka, akasahau heshima, lakini hakutoka. Alikuwa ameshika ukingo wa pazia, nikaviona vidole vyake, vya mwanamke aliyelima.

"Si nilikutumia kofia yake?" akasema.

Nikamwuliza kofia ipi, na wakati namwuliza nilikuwa nimekwisha jua.

Akanieleza. Alisema mumewe aliugua homa wiki tatu, akafia chumba kile kile alichokuwa ameketi yeye sasa. Siku mbili kabla, alimwambia kwa ulimi wake kwamba akifa, fundi wa Amu ajulishwe kabla ya watu wote. Ndugu zake wakakataa. Wakasema yule si jamaa, tanzia itasomwa msikitini kama za wengine, inatosha. Naye alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hawezi kutoka, hawezi kusema na nahodha, na kuandika hajui. Kikapu kilikuwa pale, ni zamu yake kukirudisha. Basi akaichukua kofia ambayo marehemu aliugua nayo na kufa nayo, akaitia kikapuni peke yake bila kuifua, akamwambia binti akipeleke pwani.

"Nilisema mwenye akili ataelewa," akasema. "Kofia ya mtu hairudi kwa fundi na jasho lake, ila mwenyewe hayupo. Na wewe ukairudisha safi pamoja na mpya. Nikasema, ameelewa, na hii ndiyo taazia yake. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko."

Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwangu na sikukumbuka kuiweka chini. Nilikuwa natazama mlango wa chumba kile.

Nikamwuliza, kwa sababu mtu mzima hafai kuondoka na swali, kama alijua tangu lini. Akasema tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Kila asubuhi mumewe hakuivaa kofia mpaka alitafute kwa kidole lile tundu lililozibwa, alishike kidogo, ndipo aivae. Mwanamume hapapasi kofia vile bure, akasema. Hakupenda. Alilia mwaka wa kwanza, akanichukia bila kuniona. Lakini mumewe hakumdhulumu hata siku moja, aliwalea binti zake, na mtu anayempenda mtu mwingine na bado akakutendea wema, utamfanya nini? Aliyasema haya kwa sauti kavu, kama mtu anayemaliza kazi. Nami nilimheshimu sana bibi yule, na nilimwonea wivu, na nilijionea haya kwa huo wivu, vyote kwa pamoja.

Nikamwuliza nani aliyemwosha. Akasema ndugu zake wawili na shemeji. Nikauliza kama maji yalikuwa ya vuguvugu, maana hakupenda maji baridi, alikuwa analalamika hata wakati wa kiangazi. Akasema yalikuwa ya vuguvugu, aliyapasha yeye mwenyewe.

Binti akazileta zile kofia mbili mpya ndani ya kikapu, akasema mama amesema ni zangu, pamoja na ile ya zamani aliyokuja nayo mwalimu. Nikazipokea. Kwanza nilifikiri kumpa mwalimu moja, ila kichwa chake kikubwa, zisingemwingia. Kisha nikamwomba bibi kitu. Nilikuwa na haya, lakini nilijua nikitoka pale bila kuomba sitarudi tena. Nikamwambia, Bi, kama kuna nguo yake yoyote, kikoi, shuka, hata kitambaa cha kufutia jasho, ambacho hakijafuliwa, nakuomba unipe. Sina kitu chake.

Akasema hakuna. Eda ilipomalizika aligawa kama desturi, kanzu kwa mwadhini, vikoi kwa ndugu, matandiko yalichomwa kwa sababu ya homa.

"Chenye harufu yake kilikuwa kimoja tu," akasema, "na hicho nilikupa wewe."

Nilirudi Amu na mashua ya siku ya pili. Kofia ya mwalimu niliimaliza kabla ya Krismasi, akaenda nayo kwao. Sikumtoza, akashangaa. Kwenye kikapu nilitia ile kofia ya zamani, ile ile niliyoifua, nikakiweka chumba cha juu, na siku za kwanza nilikuwa nafungua kifuniko nanusa. Inanukia wanga.

Nakumbuka vizuri siku niliyoifua. Nilikuwa na furaha, nilikuwa naimba. Utepe wa ndani, ule unaogusa paji la uso, ulikuwa na doa la manjano, jasho la siku nyingi, na nikasema moyoni huyu mzee hajui kuoga. Sabuni haikulitoa. Nikaliloweka, halikutoka. Nikakamua ndimu tatu, nikasugua kwa kidole gumba, taratibu nisiharibu uzi, nikaanika juani, nikarudia tena kesho yake. Nimekuwa fundi miaka mingi na hakuna doa lililowahi kunishinda. Hilo nalo lilitoka lote, kofia ikawa nyeupe pe.